Namna ya kujua hadhi ya kisheria ya meli, hatua kwa hatua

Meli ikipata matatizo, swali la kwanza la watu huwa "mwenyewe nani?" Katika mwongozo huu swali hilo ni la tano. Jibu lake halikusaidii kitu kama bado hujajua iwapo chombo hicho ni meli mbele ya sheria, kina bendera ya nani, ni cha serikali au cha biashara, na kiko kwenye maji gani. Wakala wa meli, baharia anayetaka kusaini mkataba, mfanyabiashara ambaye shehena yake imezuiliwa bandarini, hata mwanasheria mchanga: wengi huanza kulisaka jina la kampuni, wakaishia kwenye sanduku la posta la kisiwa ambacho hawatafika maishani.

Msingi wa karibu yote yanayofuata ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliosainiwa Montego Bay, Jamaica, mwaka 1982 na kuanza kutumika Novemba 1994. Nikiandika "Mkataba" kwa herufi kubwa, ni huo. Mingine nitaitaja kwa jina.

Hatua ya 1: Hakikisha ni meli

Utadhani ni swali la kipuuzi, lakini limefika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mkazi mmoja wa Florida aliishi katika nyumba ya mbao inayoelea, isiyo na injini wala usukani. Jiji la Riviera Beach lilimdai ada ya kuegesha, likaikamata nyumba hiyo kwa utaratibu wa kukamata meli. Ikapigwa mnada, jiji lenyewe likainunua na kuibomoa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikasema haikuwa meli hata kidogo. Kipimo kilichotumika ni hiki: mtu wa kawaida akitazama umbo la kitu hicho na shughuli zake, je, ataona kilibuniwa kusafirisha watu au vitu juu ya maji? Kuelea peke yake hakutoshi. Lakini mahakama hiyohiyo, mwaka 2005, ilikuwa imeamua kwamba mtambo wa kuchimba chini ya maji uliokuwa ukifanya kazi ya handaki katika bandari ya Boston ni meli, ingawa ulisogea kwa kujivuta tu kwenye nanga na kamba zake.

Mkataba wenyewe haukutafsiri neno "meli" popote. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta tafsiri moja ya dunia nzima. Anza na jambo unalolishughulikia, kisha fungua ukurasa wa tafsiri wa sheria inayolihusu. Kama ni uchafuzi, MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, unahesabu karibu kila kinachoelea baharini, nyambizi na majukwaa ya mafuta yakiwemo. Kama ni mgongano, Kanuni za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 zinaingiza hata ndege inayotua majini. Kama ni kosa la jinai chini ya sheria ya Uingereza, mahakama ya rufaa ya huko ilisema mwaka 2005 kwamba jetski ya kuchezea ufukweni si meli, maana haitumiki katika usafiri wa majini. Chombo kimoja kinaweza kuwa meli asubuhi kwenye kesi ya mafuta yaliyomwagika, na kisiwe meli jioni kwenye kesi ya deni.

Vyombo visivyo na mabaharia vinaleta utata mpya. Ibara ya 94 ya Mkataba inataka kila meli iwe chini ya nahodha na maofisa wenye sifa. Nahodha akiwa ofisini nchi kavu mbele ya kompyuta, je, meli iko "chini" yake? Kwa maoni yangu chombo hicho kinabaki kuwa meli, na kinachohojiwa ni kama nchi iliyokipa bendera imetimiza wajibu wake. Wengi wanaoandika juu ya suala hili huchanganya mambo hayo mawili.

Hatua ya 2: Itafute bendera, na usiiamini mpaka uone karatasi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Bendera ndiyo uraia wa meli. Inaamua sheria ya nani inatumika ndani yake ikiwa bahari kuu, nani anakagua usalama wake, nani anaisemea mahakamani ikionewa. Ibara ya 91 inaiachia kila nchi iweke masharti yake ya kutoa uraia huo, na kanuni hii ni ya zamani kuliko Mkataba. Mwaka 1905 wasuluhishi wa The Hague waliamua ugomvi wa Uingereza na Ufaransa juu ya majahazi ya Maskati yaliyokuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa. Walisema kila dola ina haki ya kuamua nani apewe bendera yake, isipokuwa pale ilipojifunga yenyewe kwa mkataba. Ufaransa ilikuwa imejifunga, kwa Hati ya Brussels ya 1890 dhidi ya biashara ya watumwa. Kwa hiyo kuanzia Januari 1892 haikuweza tena kugawa bendera mpya kwa raia wa Sultani, ila kwa waliokuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya 1863.

Nchi haihitaji kuwa na pwani ili iwe na meli. Jambo hilo lilikubaliwa Barcelona mwaka 1921. Uswisi ina meli, Luxembourg ina meli, na usishangae ukikuta chombo kimeandikwa Ulaanbaatar kwenye shetri. Mji huo uko mbali mno na bahari, lakini Mongolia ina daftari lake la usajili wa meli, na ofisi ya daftari hilo ilifunguliwa Singapore.

Sasa fanya kazi. Jina lililoandikwa ubavuni ni kitu dhaifu kuliko vyote, kwa sababu hufutwa kwa brashi. Bendera iliyo mlingotini ni dhaifu vilevile. Bandari ya usajili iliyoandikwa nyuma ya meli inasaidia kidogo. Unachohitaji ni nambari ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), tarakimu saba zinazofuata herufi hizo. Mpango wa nambari hizo ulianzishwa mwaka 1987, na tangu 1996 ni lazima kwa meli za abiria za ujazo (gross tonnage) wa kuanzia 100 na za mizigo za kuanzia 300 zinazosafiri kimataifa. Nambari haibadiliki meli ikiuzwa, ikibadilishwa jina au ikihamia bendera nyingine. Kanuni za usalama zinataka ionekane kwa kudumu mwilini mwa meli, kwa tarakimu zisizopungua milimita 200 kimo upande wa nje, ama zimechongwa, zimechomelewa, au zimetiwa alama kwa njia nyingine isiyofutika kirahisi.

Nambari hiyo unaweza kuipima mwenyewe kwa kalamu. Chukua 9074729:

1. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kwa mfuatano huo.
2. 9×7 ni 63. 0×6 ni 0. 7×5 ni 35. 4×4 ni 16. 7×3 ni 21. 2×2 ni 4.
3. Jumlisha: 139.
4. Tarakimu ya mwisho ya jumla, yaani 9, lazima ilingane na tarakimu ya saba ya nambari. Inalingana.

Ukiletewa karatasi yenye 9074728, aliyeiandika amekosea au amebuni. Ukaguzi huu haukuthibitishii kwamba meli iko kweli, wala kwamba nambari ni yake, ila unachuja karatasi za ovyo kabla hujatumia fedha. Ikipita hapo, iingize kwenye GISIS, hifadhidata ya Shirika la Kimataifa la Bahari, au kwenye Equasis, hifadhidata nyingine ya meli. Zote mbili ni za bure ukijisajili. Zitakupa bendera, majina ya zamani, kampuni zinazohusika, na Equasis inaonyesha pia ukaguzi wa bandarini.

Linganisha na nambari ya redio ya meli, ile ya tarakimu tisa inayorushwa na mtambo wa AIS, unaotangaza meli ni ipi na iko wapi. Tatu za mwanzo ni za nchi: 636 ni Liberia, 538 ni Visiwa vya Marshall. Meli inayodai bendera ya nchi moja huku redio yake ikitaja nchi nyingine ina la kueleza. Pengine imehamia bendera mpya juzi na mtambo haujarekebishwa. Pengine sivyo.

Kisha omba karatasi mbili: cheti cha usajili, na kumbukumbu endelevu ya historia ya meli ambayo meli za kimataifa zinatakiwa kuwa nayo tangu Julai 2004. Hiyo ya pili wengi hawaiombi, nami naiona ya thamani kuliko ya kwanza, kwa sababu inaonyesha bendera na wenyewe kwa mfuatano. Mfuatano ukikatika, simama hapo. Kisha iandikie ofisi ya usajili moja kwa moja, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyochapwa kwenye cheti ulichopewa. Wapo watu wanaoendesha madaftari bandia ya nchi ambazo hazina habari, na cheti chao hung'aa kuliko cha kweli.

Angalia tarehe pia. Meli ya mafuta iitwayo Saiga ilikamatwa na Guinea tarehe 28 Oktoba 1997 baada ya kuuzia meli za uvuvi dizeli. Mwenye meli alikuwa kampuni ya Kupro, iliendeshwa na kampuni ya Scotland, ilikodiwa na kampuni iliyosajiliwa Uswisi, na maofisa na mabaharia wake walikuwa Waukraine. Bendera ilikuwa ya Saint Vincent na Grenadines, lakini cheti cha muda kilikuwa kimeisha tarehe 12 Septemba, na cha kudumu kilitolewa Novemba, baada ya kukamatwa. Guinea ikasema siku ile meli haikuwa na uraia. Mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg, ilikataa hoja hiyo kwa kutazama mwenendo wa Saint Vincent, ambayo wakati wote iliitendea meli kuwa ni yake, na kwa kutazama pia kwamba Guinea yenyewe haikuuhoji uraia huo tangu mwanzo. Kisha ikasema jambo lililobaki kuwa nguzo: meli, vyote vilivyomo na kila mtu anayehusika nayo huhesabiwa kuwa kitu kimoja kilichofungwa kwenye nchi ya bendera. Ndiyo maana nchi moja ndogo ya Karibi iliweza kuwadaia fidia Waukraine wote wale bila kuuliza pasipoti zao. Guinea iliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 2 za Marekani.

Mkataba unataka pia uwepo "uhusiano wa kweli" kati ya meli na nchi ya bendera. Usiweke matumaini hapo. Hamburg ilisema shabaha ya sharti hilo ni kuifanya nchi isimamie meli zake ipasavyo, na kwamba si silaha ya nchi nyingine kuutangua usajili. Mkataba wa 1986 uliojaribu kulipa sharti hilo meno haujawahi kuanza kutumika. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall zinabeba sehemu kubwa ya meli za biashara za dunia kwa njia hiyohiyo, nazo zinatambuliwa.

Meli yenye bendera mbili na inayozitumia kwa zamu kadiri inavyoifaa huhesabiwa kama haina hata moja. Na isiyo na bendera inaweza kusimamishwa na kupandwa bahari kuu na manowari ya nchi yoyote, kwa ibara ya 110. Haina wa kuisemea. Kubadili bendera katikati ya safari, au ikiwa kwenye bandari ya kupitia, hakuruhusiwi ila kama umiliki au usajili umehamishwa kweli.

Hatua ya 3: Ni ya dola au ya biashara?

Manowari ina kinga kamili. Ili iwe manowari, kwa ibara ya 29, iwe ya majeshi ya nchi, iwe na alama za nje za kuitambulisha, iwe chini ya ofisa aliyeteuliwa na serikali, na mabaharia wake wawe chini ya nidhamu ya kijeshi. Bunduki hazitajwi. Tarehe 2 Oktoba 2012, jahazi la mafunzo la jeshi la majini la Argentina, ARA Libertad, lilizuiliwa bandarini Tema, Ghana, kwa amri ya mahakama iliyoombwa na mfuko wa fedha ulioidai serikali ya Argentina. Deni lilikuwa la kweli na hukumu zilikuwepo. Hamburg iliamuru tarehe 15 Desemba liachiwe bila masharti, kwa kuwa manowari haikamatwi hata ikiwa ndani ya bandari ya watu.

Meli nyingine za serikali zina kinga kama hiyo zikiwa kwenye kazi isiyo ya biashara tu: doria, utafiti, hospitali. Hapa jina la mmiliki lisikutishe. Kampuni ya serikali inayobeba makontena kwa nauli ni mfanyabiashara kama wengine. Uliza meli inafanya nini leo, na mkataba wa kukodi ndio utakaokujibu.

Hatua ya 4: Iko wapi hasa, na inaelekea wapi?

Pata mahali ilipo kwa latitudo na longitudo, pamoja na saa. "Karibu na pwani" haitoshi, kwa sababu maili moja ya baharini inaweza kubadili kila kitu.

Bandarini na kwenye maji ya ndani, nchi ya bandari ina mamlaka makubwa. Inaweza kukagua, kuzuia, kushitaki. Kwa desturi huziacha nidhamu na kazi za ndani ya meli mikononi mwa nahodha na nchi ya bendera, ila amani ya bandari ikivunjwa.

Ndani ya maili 12 kutoka msingi wa pwani, meli ya kigeni ina haki ya kupita bila kuleta madhara. Nchi ya pwani haipaswi kuingia meli inayopita tu ili kukamata mtu kwa kosa lililotendeka humo, isipokuwa matokeo yamefika nchini, amani imevurugwa, nahodha au balozi ameomba msaada, au kuna dawa za kulevya. Kwa madai ya fedha ni vigumu zaidi: haikamati meli inayopita ila kwa deni la safari hiyohiyo kwenye maji yake. Lakini meli iliyotia nanga humo, au inayotoka bandarini, haina ngao hiyo. Mdai mzoefu huisubiri itie nanga.

Hadi maili 24 nchi inaweza kuzuia na kuadhibu uvunjaji wa sheria zake za forodha, kodi, uhamiaji na afya uliotendeka, au unaoelekea kutendeka, nchini mwake. Kufikia maili 200, ina haki juu ya samaki na mali nyingine, na ikikamata meli ya uvuvi lazima iiachie upesi meli na mabaharia mara dhamana ya haki inapowekwa. Isipofanya hivyo, na pande mbili zikishindwa kukubaliana mahakama ndani ya siku 10, nchi ya bendera inaweza kwenda Hamburg kwa njia ya haraka.

Bahari kuu ni ya nchi ya bendera peke yake, pamoja na vighairi vichache: uharamia, biashara ya watumwa, meli isiyo na uraia, matangazo haramu ya redio, na kufukuzwa mfululizo. Kufukuza kwenyewe kuna masharti makali. Kuanze meli ikiwa bado kwenye maji yanayohusika, ishara ya kusimama itolewe ikiwa karibu kiasi cha kuonekana au kusikika, kusikatike, na kukome meli ikiingia maili 12 za nchi yake au ya nchi nyingine.

Kwa mgongano kuna historia inayofaa kuijua. Agosti 1926 meli ya Kifaransa Lotus iligonga meli ya Kituruki Boz-Kourt bahari kuu, wakafa Waturuki 8. Lotus ilipofika Istanbul, ofisa aliyekuwa zamu alishitakiwa huko. Mwaka uliofuata, 1927, mahakama ya The Hague iligawanyika sita kwa sita, na kwa kura ya rais wake ikasema Uturuki haikuvunja sheria. Wenye meli na mabaharia hawakuipenda hukumu ile, na mikataba ya baadaye ikaigeuza. Leo, kwa ibara ya 97, ofisa hushitakiwa na nchi ya bendera au nchi ya uraia wake tu, na meli haizuiliwi hata kwa uchunguzi isipokuwa kwa amri ya nchi ya bendera. Vitabu vya sheria bado vinaanza na Lotus, na msomaji asiyefika mwisho wa sura huondoka na sheria iliyokufa.

Hatua ya 5: Sasa, mwenyewe nani?

Meli ni mali inayohamishika, tena kuliko mali zote, lakini sheria inaitendea kama nyumba: ina daftari, ina hati, inawekwa rehani inayoandikishwa. Kwenye mfumo wa Kiingereza umiliki wake umegawanywa kwa desturi katika hisa 64.

Utakuta watu watatu au zaidi. Wa kwanza ni mmiliki aliyesajiliwa, mara nyingi kampuni yenye meli moja tu, iliyoundwa ili ajali ya meli moja isiguse nyingine. Wa pili ni kampuni ya uendeshaji, inayoajiri mabaharia na kushika vyeti vya usalama. Wa tatu ni mkodi. Ukimkuta mkodi, uliza amekodi nini. Aliyekodi meli tupu huweka nahodha wake, na kwa mengi husimama mahali pa mwenye meli. Aliyekodi kwa muda au kwa safari amenunua huduma tu. Kwa ukodishaji wa meli tupu, baadhi ya nchi zinakubali meli isajiliwe kwa muda chini ya bendera ya mkodi huku umiliki na rehani vikibaki kwenye daftari la awali. Hizo si bendera mbili, maana ya awali inasimamishwa. Lakini ukichungulia daftari moja tu, utaikosa rehani.

Baharia anayesaini mkataba atazame jina la mwajiri lililoandikwa pale, kisha alitafute kwenye Equasis. Kama halimo mahali popote kuhusiana na meli hiyo, aulize kabla ya kupanda.

Hatua ya 6: Tafuta madeni yanayosafiri na meli

Mtu anaweza kununua meli safi, akalipa fedha yote, daftari likamwonyesha kuwa mmiliki pekee, kisha meli ikakamatwa bandari ya kwanza kwa mishahara ambayo hakuwahi kuajiri mtu wa kuidai. Sheria ya bahari ina madeni yanayoganda kwenye meli yenyewe bila kuandikwa mahali popote, na hayatoki kwa kuuzwa kwa hiari. Mkataba wa Geneva wa 1993 unayataja kwa nchi zilizoukubali: mishahara na gharama za kumrudisha baharia kwao, vifo na majeraha, uokoaji wa meli, ada za bandari na mifereji, na uharibifu wa mali unaotokana na uendeshaji wa meli. Yote hutangulia rehani ya benki. Kwa kawaida hufa baada ya mwaka mmoja kama meli haijakamatwa.

Nchi hazilingani hapa. Aliyeuza mafuta ya kuendeshea meli anaweza kuwa na haki ya namna hii chini ya sheria ya Marekani, ila chini ya sheria ya Kiingereza ana haki tu ya kufungua shauri dhidi ya meli, ambayo humpotea meli ikiuzwa kabla hajafungua. Deni lilelile, meli ileile, bandari mbili, majibu mawili. Wadai wanalijua hilo na huchagua bandari.

Katika nchi zinazofuata mfumo huo wa Kiingereza, meli yenyewe hushitakiwa kwa jina lake. Ofisa wa mahakama hupanda na kubandika hati mahali panapoonekana, zamani mlingotini, siku hizi aghalabu kwenye kioo cha chumba cha usukani. Isitoke hapo. Je, basi meli ni mtu? Marekani iliisema meli kana kwamba ndiyo mkosaji. Mahakama ya juu ya Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilisema anayeshitakiwa kweli ni mwenye meli tangu shauri linapoanza. Mimi naona Waingereza wako karibu zaidi na ukweli, lakini kwa mabaharia wasiolipwa tofauti hiyo haina uzito: wanachoshika ni chuma kilichopo gatini.

Kabla ya kukamata, angalia dai lako liko kwenye orodha. Mkataba wa Brussels wa 1952 una aina 17 za madai ya baharini, na ule wa Geneva wa 1999, uliotumika kuanzia 2011, una 22. Nje ya orodha hizo hukamati meli kwa mikataba hiyo. Unaweza pia kukamata meli ndugu, yaani nyingine ya mmiliki yuleyule, na ndiyo sababu nyingine ya kampuni za meli moja kushamiri. Mwenye meli akiweka dhamana ya benki au barua ya bima yake, meli inaondoka na dai linahamia kwenye dhamana. Asipoweka, mahakama inaiuza, na mnunuzi wa mnada wa mahakama huipata ikiwa imesafishwa madeni. Ndiyo njia pekee ya uhakika ya kuisafisha.

Ukikokotoa kiasi, kumbuka mwenye meli ana haki ya kuweka kikomo cha fidia kulingana na ujazo wa meli yake, kwa Mkataba wa London wa 1976 na nyongeza yake ya 1996. Kikomo hicho ni kigumu sana kukivunja.

Hatua ya 7: Je, bado ni meli?

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Sheria inakijibu: kina mwenyewe. Mkataba wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli, uliopitishwa 2007 na kuanza kutumika Aprili 2015, unambebesha mmiliki aliyesajiliwa gharama za kuyatafuta mabaki, kuyawekea alama na kuyaondoa, na unataka meli za ujazo wa kuanzia 300 ziwe na bima ya kazi hiyo. Dai lako lina muda: miaka 3 tangu hatari ithibitishwe, na kwa vyovyote isizidi 6 tangu ajali.

Kibaya zaidi ni meli iliyotelekezwa ikiwa bado inaelea. Rhosus, yenye bendera ya Moldova, iliingia Beirut mwishoni mwa 2013, ikazuiliwa kwa kasoro, mwenyewe akaitupa. Shehena yake ya tani 2,750 za ammonium nitrate ilihamishiwa ghalani mwaka 2014. Meli ilizama bandarini humohumo mwaka 2018, na tarehe 4 Agosti 2020 shehena ikalipuka na kuua watu zaidi ya 200. Kila ofisi ilikuwa na karatasi juu ya meli ile. Kwa mabaharia, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2017, unamhesabu baharia kuwa ametelekezwa akinyimwa nauli ya kurudi, akiachwa bila chakula na mahitaji, au mwajiri akikata uhusiano naye, ikiwemo kutomlipa mshahara kwa angalau miezi 2. Hapo bima inamlipa moja kwa moja. Cheti cha bima hiyo lazima kibandikwe melini kwa wazi, basi kipige picha siku unapopanda.

Meli inayopelekwa kuvunjwa inaangukia Mkataba wa Hong Kong, unaotumika tangu tarehe 26 Juni 2025: orodha ya vitu vyenye sumu vilivyomo, na eneo la kuvunjia lililoidhinishwa. Baadhi hubadilishwa bendera kwa ajili ya safari hiyo ya mwisho tu, na ukiona hivyo rudi hatua ya 2.

Na anayenunua meli iliyotumika, awe wa kuivunja au wa kuifanyia kazi, asitoe malipo ya mwisho kabla ya kushika hati ya kufutwa usajili kutoka daftari la zamani, yenye maneno kwamba hakuna rehani iliyosalia. Daftari jipya litaidai hati hiyo. Muuzaji akisema itafuata wiki ijayo, fedha nayo ibaki kwa wakili hadi wiki ijayo.